Anapika Damu Makere ili Mbuzi Wasipigwe Risasi

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba ya Makere, na Immakulata Ndayikeza anapika damu.

Amechuchumaa nje ya jiko lake, sufuria nyeusi iko juu ya mafiga, mwiko mkononi. Ndani ya sufuria kuna uji mwembamba wa unga wa muhogo, na ndani ya uji huo ametia rangi nyekundu, ile ya unga inayouzwa sokoni kwa wasukaji wa vikapu. Anakoroga taratibu, upande mmoja tu. Anachovya kidole, anakiinua kwenye mwanga, anatazama tone linavyoshuka.

"Bado nyepesi," anasema. "Damu ya kweli inavuta kidogo. Hii inakimbia kama chai."

Mumewe, Evaristi, ambaye ni fundi baiskeli, ameketi kwenye kigoda hatua chache kutoka hapo. Mapajani pake umelala mguu wa mbuzi. Una manyoya meupe, una kwato, lakini nyama haimo. Ndani umejazwa vipande vya godoro kuukuu, na katikati imepita tyubu ya baiskeli iliyokatwa nyembamba, ndiyo mshipa.

"Mama Chantal, ukiifanya nzito itaziba vali yangu," anasema Evaristi bila kuinua uso.

"Vali yako ingekuwa nzuri isingeziba."

"Basi mwite fundi mwingine."

"Nimwite nani? Nani mwingine atakubali kukaa na mwanamke anayepika damu?"

Wanacheka wote wawili. Lakini jirani anayepita na jembe begani hacheki. Anasalimia haraka, anageuza uso, anaongeza mwendo. Ukiujua mkasa huu tangu mwanzo humlaumu.

Miguu hii inapelekwa katika kambi moja ya mafunzo iliyo pembeni ya barabara ya Kibondo, mahali wanapofundishwa askari watakaowatibu wenzao wakijeruhiwa. Kabla ya miguu hii, askari hao walijifunza kwa mbuzi walio hai. Na mbuzi hao walitoka mkononi mwa Immakulata.

Immakulata ana miaka hamsini na mmoja. Mwaka 1972 alivuka kutoka Burundi akiwa msichana aliyeolewa karibuni, mtoto wake Chantal mgongoni, na kibuyu kitupu. Leo, mwaka 1998, yeye na mumewe ni raia wa Tanzania, wana shamba la maharage na migomba. Lakini ukimuuliza kazi yake hatakwambia kilimo. Atakwambia, "Mimi ninalea mbuzi wa watu."

Huku Buha, mkoani Kigoma, kazi hiyo ina heshima yake. Mtu mwenye mbuzi wengi hawaweki wote kwake. Huwapeleka wengine kwa mtu anayemwamini, awalelee. Watu wanaita kuragiza. Mlezi hupata mbolea kwa shamba lake, na katika wanaozaliwa hupata wake. Hapaandikwi kitu. Sharti ni moja tu: mbuzi akifa, awe ameliwa na chui, awe ameugua, awe amechinjwa kwa ruhusa, mlezi humpelekea mwenyewe ngozi.

Tena mlezi haikunjui ngozi hiyo njiani. Anaibeba ilivyofungwa. Akifika anaitandaza chini, upande wa nyama ukitazama juu, naye mwenye mbuzi anapitisha kiganja toka shingoni hadi mkiani, akitafuta alama ya kifo alichoambiwa. Akiridhika anasema, "Nimeona. Mkono wako safi." Pombe ya ndizi inaletwa, mambo yamekwisha.

Maneno hayo yasiposemwa, hakuna nyumba toka Makere hadi Kitanga itakayomkabidhi mlezi huyo hata mwanambuzi kilema.

Kati ya waliompa Immakulata mbuzi alikuwa mzee Makarius wa Kitanga. Kitanga iko karibu na mpaka wa Burundi, na mwaka 1996 watu wa huko waliogopa wezi wenye silaha. Wengi waliwasogeza wanyama wao ndani, mbali na mpaka. Makarius aliwapeleka wake Makere, wakaingia zizi la Immakulata, wakanenepa.

Kiangazi cha mwaka uliofuata gari la kambi lilisimama mbele ya nyumba. Askari mmoja akashuka, mpole, akaeleza kwamba wanahitaji mabeberu wenye afya.

"Aliniambia ni mbuzi wa mafunzo," anakumbuka Immakulata, na hapo anaacha kukoroga. "Hakunidanganya. Alisema hivyo hivyo, mbuzi wa mafunzo. Mimi nikadhani askari wanafundishwa kuchinja. Nikasema moyoni, kumbe siku hizi jeshi limejaa watoto wa mjini, hata kuchinja mbuzi mpaka wafundishwe."

Makarius alikubali kuuza, ila alishikilia sharti lake: ngozi zirudi. Kambini waliona ni mzaha wa wazee, lakini ngozi hawakuwa na kazi nazo, wakakubali. Baada ya majuma machache gari lile lile likashusha gunia lililoshonwa mdomo.

Immakulata hakulifungua. Desturi haimruhusu. Alilitia kichwani akaenda nalo Kitanga, safari ya kutwa, akalala njiani kwa dada yake wa kanisani.

Uani kwa Makarius alitandaza ngozi ya kwanza. Mzee akapiga goti, akaweka kiganja shingoni, akakiteremsha. Kwenye paja kiganja kikasimama. Kidole chake kikaingia katika tundu, kikatokea upande wa pili.

"Hapa pana nini?" akauliza.

"Sijui, mzee."

Akainama karibu zaidi. Kando ya tundu palikuwa na mshono. Uzi mweusi, mwembamba, fundo baada ya fundo, umepangwa vizuri kuliko mshono wa nguo ya sikukuu.

"Immakulata. Huyu aliuguzwa?"

"Sijui, mzee."

"Mtu anayemshona mnyama hivi anamtakia apone. Mbona alikufa?"

Immakulata akatandaza nyingine. Ngozi ya pili ilikuwa na tundu na mshono vilevile, na juu ya goti palikuwa na duara, manyoya yamenyonyoka kama mahali palipobanwa kamba kwa nguvu zote. Ya tatu ilikuwa na tundu chini ya mbavu, la kupita kidole, halikutobolewa na risasi wala kisu cha mchinjaji. Lilikatwa kwa makini. Pembeni pake mshono. Pembeni ya mshono, tundu jingine.

"Walimpiga, wakamshona, wakamkata tena," alisema Makarius polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Mwanangu, mbuzi wangu uliwapeleka kwa watu gani?"

Akaufuta mkono wake kwenye nyasi. Yale maneno hakuyasema. Alimwambia tu, "Zikunje. Rudi nazo."

Immakulata anasema kwamba alibaki chini, mikono juu ya ngozi. Mke wa Makarius ndiye aliyezikunja ngozi na kumwinua.

Habari zilimtangulia Makere. Mmoja alisema Immakulata anauza mbuzi kwa wachawi. Mwingine alisema ni kwa waasi wa ng'ambo. Kabla juma halijaisha wenye mbuzi walianza kuja, mmoja mmoja, kila mtu na kamba yake. Hawakumtukana. "Heri wangenitukana," anasema. "Walisema tu, tumekuja kuchukua." Zizi likabaki na mbolea.

Aliyemweleza ukweli ni Melkiadi, askari kijana, mzaliwa wa Kasulu, mmoja wa wanafunzi wa kambi ile. Alikuwa na kawaida ya kupita kwa Immakulata kununua ndizi. Siku hiyo akaulizwa, na Melkiadi si mtu wa kuzungusha.

Alimweleza kwamba mbuzi anachomwa sindano ya usingizi. Akilala anapigwa risasi pajani, makusudi. Mwanafunzi anaitwa mbio, anatakiwa kuizuia damu kabla haijaisha: abane, afunge, ashone. Akimaliza anafundishwa kutoboa kifua na kupitisha mrija ili upepo ulionaswa utoke. Mwisho mbuzi anaongezewa dawa, haamki tena.

"Hawaamki kabisa?" aliuliza Immakulata.

Melkiadi akaziweka ndizi zake chini. Kisha akasema, "Mmoja aliamka, mama."

Melkiadi mwenyewe ndiye aliyekuwa amemshika. Vidole vyake viwili vilikuwa ndani ya jeraha. Mbuzi akainua kichwa, akamtazama, akalia mlio ule wa kumwita mtu anayeleta majani. Dawa ya kumrudisha usingizini ilichelewa, na mkufunzi alikuwa akipiga kelele: damu, damu, usiiachie damu.

Immakulata anapolifikia neno hili anafunika mdomo kwa kiganja. Ni mwaka sasa, na bado anafunika mdomo.

Asubuhi iliyofuata alijifunga khanga mbili akaenda kambini. Nyuma ya darasa aliona zizi la miti, na ndani yake mbuzi wa Makarius waliobaki, wakisubiri kozi ya pili. Walimjua. Walikuja wote kwenye uzio.

Mkuu wa mafunzo ni Kapteni Abdulrahmani, daktari, mtu wa sauti ya chini. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha naye akasema lake, na lake pia si dogo.

"Bibi yangu, mwaka juzi huko mpakani mkulima alikanyaga bomu lililofukiwa," alisema. "Mguu ulikatika hapa. Vijana wangu walifika mapema, bandeji mfukoni, vyeti wanavyo. Walimzunguka wakatetemeka. Hakuna aliyewahi kuona damu ya kuruka. Mtu akafa wanamtazama, mkewe yuko pale. Nikiondoa mbuzi nitaweka nini? Ubao na chaki?"

Immakulata anakiri kwamba habari hiyo ilimwingia kama ile ya mbuzi. Hakuwa amefikiria mkulima. Akatazama mikono yake. Na hapo likamjia jambo ambalo kila mlezi wa mbuzi huku analifanya.

Mbuzi aliyefiwa na mtoto hukataa kukamuliwa. Basi mlezi huchuna kile kitoto, akaijaza ngozi yake majani makavu ya mgomba, akamsogezea mama. Mama ananusa, analegea, maziwa yanashuka.

"Nikamwambia, afande, mzazi mwenyewe anadanganyika kwa majani ya mgomba. Hawa vijana wako wana akili kuliko mbuzi?"

Kapteni alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Hilo swali, bibi, sijapata jibu lake."

Walikubaliana hivi: mbuzi waliobaki hawataguswa mpaka Kapteni aone hicho kitakachojazwa. Kikimfaa, watarudi Makere. Kisipomfaa, kozi itaendelea kama ilivyokuwa.

Kazi ilianza na aibu. Immakulata alichukua ngozi zilezile zilizokataliwa Kitanga, akazilainisha, akazishona umbo la mguu, akajaza majani, akapitisha mrija wa maji mekundu. Mbele ya wanafunzi majani yalilowa, mguu ukavimba kama mtu mwenye matende, maji yakatoka kila penye mshono isipokuwa penye jeraha. Askari mmoja akapaza sauti, "Afande, mgonjwa huyu anahitaji fundi viatu." Darasa zima likaanguka kicheko.

Evaristi alikuwa amesimama mlangoni. Jioni alichomoa tyubu ya baiskeli yake mwenyewe.

"Nilimwambia, mwanamke, wewe jua ngozi, mambo ya upepo niachie mimi," anasema Evaristi.

"Hukusema hivyo. Ulisema, 'Kesho nitatembea kwa miguu kwa sababu yako.'"

"Nilisema yote mawili."

Tyubu ikawa mshipa. Pampu ya baiskeli ikawa moyo. Godoro likachukua nafasi ya majani. Kapteni mwenyewe alikuja mara kadhaa, akaketi kwenye kigoda, akagonga meza kwa vidole ili Evaristi asikie jinsi damu inavyoruka mtu akiwa mzima, inavyokimbia akiogopa, inavyolegea akikaribia kufa. Evaristi akasukuma pampu kwa kufuata vidole vile. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka zikaja, barabara zikakatika, daraja likasombwa, nao wakaendelea kushona ndani huku paa linavuja.

Mvua zilipopungua Kapteni aliwaita wanafunzi bila kuwaambia kitu. Evaristi alijificha nyuma ya mkeka na pampu yake. Mguu ulikuwa umelazwa chini, umevishwa suruali ya jeshi. Melkiadi akaitwa wa kwanza. Alipoikata suruali, damu ikamrukia usoni.

Alibana mahali sipo. Damu ikazidi. Mwenzake aliyeshika bandeji akatoka nje kutapika. Melkiadi akahamisha mkono, akakandamiza kwa uzito wa mwili wote, akaomba mkanda, akaubana, akauzungusha. Nyuma ya mkeka Evaristi akahisi pampu imekuwa ngumu. Damu ikasimama.

"Tena," akasema Kapteni. "Aliyetapika arudi."

Wakafanya tena. Na hilo, Kapteni anasema, ndilo lililombadilisha. "Mbuzi akifa kwa kosa lako, somo limekwisha, unaondoka na kosa lako. Huyu anakufa asubuhi, mchana anafufuka, unamrudia mpaka mkono ujue. Kwa kuzuia damu sihitaji tena mnyama. Kwa kifua, bado. Siwezi kusema uongo."

Jioni ile mbuzi walifunguliwa, wakatembea kwenda Makere kwa mwendo wao wa kula njiani.

Immakulata alimpelekea habari Makarius. Mzee alisikiliza, akauliza kitu kimoja. "Ngozi zangu ziko wapi?"

"Ziko kambini, mzee. Ndizo wagonjwa."

"Basi nitazifuata huko."

Waliomwona siku hiyo hawajaisahau. Mzee mwenye koti refu na fimbo, anaingia katika darasa la askari. Kapteni akaamuru wasimame, akavua kofia. Miguu ikapangwa juu ya turubai. Makarius akapiga goti, na kwa kila mguu akapitisha kiganja. Aliyesimama kando yake kueleza kila kifo hakuwa Immakulata, maana yeye hakukiona. Alikuwa Melkiadi.

"Huyu risasi ilipita hapa. Nilimfunga hapa. Alikufa kwa dawa, hakuamka."

"Nimeona," akasema Makarius. Akamgeukia Immakulata. "Mkono wako safi."

Akaenda kwa wa pili, akasema hivyo. Akaenda kwa wa tatu, akasema hivyo. Alipomaliza akahesabu kwa macho, akasema, "Mmoja hayupo."

Ni kweli. Ngozi ya yule aliyeamka Immakulata hakuishona. Alishindwa kuitia sindano. Aliitoa kwenye gunia, akaitandaza peke yake. Kiganja cha mzee kikapita, kikasimama kwenye mshono uliopinda, mshono pekee uliopinda kati ya yote.

"Huyu?"

"Huyu aliamka, mzee," akasema Melkiadi.

"Alikutazama?"

"Alinitazama."

"Nawe ukafanya nini?"

"Niliendelea kushona."

Makarius akauondoa mkono wake. "Chui namjua. Ugonjwa naujua. Kisu changu mwenyewe nakijua," alisema. "Kifo hiki sikijui. Sina neno la kukisemea. Immakulata, siku afande huyu atakaponiambia hakuna mbuzi hai atakayeingia tena lango hili, kwa damu wala kwa kifua, niletee ngozi hii. Siku hiyo nitasema."

Leo zizi la Makere lina mbuzi wa Makarius peke yao, wale waliorudi. Wengine waliochukua mbuzi wao wanapita, wanachungulia, wanasema wanangoja mzee amalize maneno yake. Hawamkasirikii. Wanangoja tu.

Ndiyo maana damu ikishaiva, Immakulata anaipua sufuria na kuingia ndani, anatoka na kitu kilichofunikwa khanga. Ni kifua. Mbavu zake ni mianzi iliyopindwa kwa moto, juu yake ngozi, ndani mpira wa miguu uliotolewa ganda. Evaristi anasukuma pampu. Upande wa kushoto unapanda na kushuka. Wa kulia umekwama, kama inavyotakiwa. Immakulata anatoboa kwa ncha ya bomba la kalamu mahali Kapteni alipomwonyesha. Upepo unapaswa kutoka kwa mlio. Hautoki.

"Kiraka kimekaza mno," anasema Evaristi.

"Kifungue."

"Nikikifungua tunaanza upya."

"Tuanze."

Kozi ijayo itafunguliwa baada ya mavuno ya mahindi, na Kapteni ameahidi kwamba kifua kikifanya kazi mbele ya wakufunzi wote, atamwandikia Makarius kwa mkono wake na kulifunga lile zizi la kambini. Kisipofanya kazi, gari litakwenda kutafuta mabeberu mahali pengine.

"Maneno yale hayarithiwi," anasema Immakulata, huku akiukata mshono wa kiraka kwa meno. "Mwanawe Makarius hawezi kunisemea, wala mkewe. Ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Na majuzi nilipokwenda kumsalimu alikuwa anakohoa, hakuinuka kitandani. Sasa sitaki kingine. Nataka hiki kitoe upepo akiwa hai."

Evaristi ameshafungua kiraka. Anampa tyubu, naye anaanza kushona.